Kaunta ya baa Nakivale na Mbarara: ipi itadumu, granaiti, mbao au stenlesi?

ISINGIRO, Uganda – Mtu anayefungua baa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale huwa ameshapiga hesabu ya kreti za bia, friji, spika na betri ya sola kabla hajaifikiria kaunta. Mwishowe huchukua chochote kilicho karibu: ubao wa paini uliotoka msumenoni juzi, au kipande cha chipubodi chenye fomaika kilichobaki kwa fundi wa makabati. Msimu mmoja wa mvua ukipita, ubao umepinda, fomaika imebanduka pembeni na wateja wanaweka chupa kwa tahadhari zisianguke. Kaunta inabadilishwa mara ya pili, kisha ya tatu, na fedha zilizokwenda huko zingetosha kununua kitu cha kudumu tangu mwanzo.

Tatizo ni kwamba kaunta ya kudumu haina maana moja kila mahali. Kati ya baa ya Base Camp, ambako ndiko kitovu cha biashara cha Nakivale, na ukumbi wa starehe wa Mbarara mjini kuna takriban kilomita 60. Hata hivyo, kinachomfaa wa mjini kinaweza kumfilisi wa makazini, na sababu kubwa si ladha ya wateja bali ardhi ambayo kaunta imesimama juu yake.

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipokuwa wakikimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo Wakongo ndio wengi, wakifuatana na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili husikika kila kona ya soko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara, ndiyo maana maduka, vinyozi, migahawa na baa vimejaa. Lakini kiwanja anachopangiwa mkimbizi ni cha kutumia tu. Hapewi hati ya umiliki, wala hawezi kukiuza.

Kwa mwenye baa maana yake ni moja: kaunta iliyojengwa kwa matofali na kumwagiwa zege ni mali isiyoweza kumfuata akihamia sehemu nyingine, akirudi kwao au akipata nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu. Kaunta inayofunguliwa kwa spana inauzika, na hata jirani anaweza kuinunua siku hiyo hiyo.

Mapato nayo hayatulii. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa msaada wake nchini Uganda kwa kuangalia kiwango cha uhitaji wa kila kaya, na mwaka 2025 likaupunguza tena kwa kiasi kikubwa. Fedha za msaada zikipungua mifukoni mwa watu, baa ni kati ya biashara za mwanzo kulihisi jambo hilo. Mtaji uliofungwa ndani ya jiwe hauwezi kugeuzwa kreti za soda mwezi ule mauzo yanapokuwa mabaya.

Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, ina hali tofauti. Huko mwenye ukumbi hupanga jengo la kudumu kwa mkataba wa miaka, na mteja anayelipa bei ya juu hutegemea kuona kitu cha kung'aa. Hata hivyo swali la umiliki lipo pale pale. Mkataba wa pango usiotaja kaunta humwachia mwenye nyumba mwanya wa kudai kwamba kilichoungwa na ukuta ni chake. Sentensi moja ndani ya mkataba, ikieleza kuwa kaunta na uso wake ni mali ya mpangaji, inaokoa ugomvi mwingi.

Kinachoiharibu kaunta

Adui wa kwanza ni maji. Chupa iliyotoka kwenye friji hutoa jasho, na jasho hilo hukaa chini ya kitako cha chupa usiku kucha. Maji hayaanzi kuharibu katikati ya ubao. Huingia kwenye pembe, kwenye tundu la msumari na kwenye ukingo wa chini ambao fundi hakuupaka kitu kwa sababu hauonekani. Chipubodi na MDF zikinywa maji huvimba na hazirudi tena katika unene wake, hata zikianikwa juani wiki nzima.

Adui wa pili ni asidi: limau, ndimu, juisi ya nanasi na ya pasheni, soda na divai. Halafu kuna pombe kali yenyewe. Waragi ina kiasi cha asilimia 40 ya kilevi, na kilevi huyeyusha polishi za zamani zinazotengenezwa kwa spiriti. Ile duara nyeupe inayobaki chini ya glasi mara nyingi ni polishi iliyoanza kuachia, wala si uchafu wa kusuguliwa.

Moto umepungua kidogo. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku kuvuta sigara ndani ya sehemu za umma, hivyo alama za vichungi zilizokuwa zikitoboa fomaika hazipaswi kuonekana tena. Sufuria ya mchemsho inayotolewa jikoni na kutuliwa juu ya kaunta, hiyo bado ipo. Na kreti zipo: kreti iliyojaa chupa ikiburutwa juu ya uso laini huacha mikwaruzo mirefu ambayo mwenye baa huilaumu kwa fundi.

Adui asiyetajwa ni dawa ya kusafishia. Jiki ikimwagwa bila kuchanganywa na maji inachubua vanishi, na hata chuma kisichoshika kutu huota vitundu vidogo ikiachwa juu yake.

Granaiti: uzito kabla ya bei

Granaiti inastahili sifa zake. Haikwaruzwi na chupa, haijali sufuria ya moto, na limau haliimung'unyi. Ikipakwa dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara, uso wake unaweza kuzeeka pamoja na jengo. Lakini mita moja ya mraba ya granaiti yenye unene wa sentimita 3 ina uzito wa takriban kilo 80. Kaunta ya kawaida yenye urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 inafikia karibu kilo 145, bila kuhesabu kilicho chini yake. Jiwe la sentimita 2 hupunguza mzigo hadi chini kidogo ya kilo 100, ila ukingo unaotokeza nje kwa ajili ya magoti ya wateja usizidi sentimita 15 bila nguzo au kitegemeo cha chuma. Jiwe la sentimita 3 linavumilia kama 25.

Mzigo huo hauwezi kukaa juu ya kaunta ya mabanzi. Unahitaji fremu ya chuma au ukuta, na unahitaji sakafu isiyodidimia. Nyumba nyingi za makazini zina sakafu nyembamba iliyomwagwa juu ya udongo, na jiwe likikosa usawa kwa upande mmoja hupasuka lenyewe, mara nyingi pale palipotobolewa sinki.

Usafirishaji ni mtihani mwingine. Jiwe husafiri likiwa limesimama kwa ubavu, limeegemezwa na kufungwa, kamwe si kulazwa chali juu ya lori. Njia za ndani ya Nakivale kwa sehemu kubwa ni za changarawe, na jiwe lililokwisha kutobolewa sinki huwa na shingo mbili nyembamba zinazosubiri shimo la kwanza. Anayelazimika kulipeleka huko ni heri akate urefu Mbarara, kisha fundi amfuate na mashine kutoboa tundu mahali pa kazi. Gharama ya safari ya fundi iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Hapa kuna mtego wa majina. Kwa Mtanzania neno marumaru linaweza kuwa jiwe lenyewe au kigae cha sakafuni. Mkongo na Mrundi kigae hukiita karo, na muuza duka wa Mbarara ana neno lake. Mtu aliyeagiza marumaru kwa simu akidhani ameagiza jiwe anaweza kupokea makasha ya vigae. Picha na vipimo vya milimita vinasaidia kuliko jina.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Marumaru halisi, yaani jiwe la chokaa, huuzwa wakati mwingine kama granaiti, na juu ya kaunta ya baa haifai hata kidogo. Asidi ya limau huila na kuacha madoa yaliyofifia ambayo hayafutiki bila kung'arishwa upya. Jaribio lake halihitaji maabara: dondosha limau kwenye kipande cha sampuli, subiri dakika kumi, futa. Mng'ao ukipotea pale lilipokuwa tone, jiwe hilo ni la sakafu ya sebuleni. Tone la maji nalo lina habari yake. Likiacha alama nyeusi baada ya dakika chache, jiwe linanyonya na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo kabla chupa ya kwanza haijawekwa. Kwa jiwe jeusi, kitambaa cheupe kilicholowa dawa ya kuondolea rangi ya kucha kikipitishwa upande wa nyuma na kutoka cheusi, weusi huo ni wa rangi iliyopakwa.

Wanunuzi pia hupoteza fedha kwa unene. Jiwe la sentimita 2 likibandikwa ukanda wa pili ukingoni huonekana nene kama la sentimita 4. Si udanganyifu ikiwa muuzaji amesema, na kazi yenyewe hupendeza. Kosa ni kulilipia kama jiwe nene.

Mbao bado zina nafasi yake

Kwa baa ya makazini mbao ngumu ndizo zenye hesabu nzuri kuliko vyote, na sababu ni ukarabati. Fundi seremala yupo karibu kila kijiji cha Nakivale. Kaunta ya mvule iliyochafuka hupigwa msasa Jumatatu asubuhi, ikapakwa upya, na mwishoni mwa wiki inafanya kazi. Ubao wa mvule wa sentimita 4 una uzito wa takriban kilo 26 kwa mita ya mraba, hivyo kaunta ile ile ya mita 3 haifiki kilo 50. Watu wawili wanaibeba.

Mvule na mkangazi, ambao wafanyabiashara wa Kongo ya mashariki huuita libuyu, ndiyo majina yanayotafutwa. Mninga wa Tanzania ni mzuri pia, hauchezi sana ukikauka. Mkaratusi ni mgumu na haupungui Uganda magharibi, ila una tabia ya kujipinda na kupasuka ncha. Paini ni laini mno: kitako cha chupa kinaacha alama yake.

Kinachoua kaunta ya mbao mara nyingi ni unyevu uliokuwa ndani yake siku ya kununuliwa, hata kama mti wenyewe ni mzuri. Kwa desturi ubao wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mzima kukauka kivulini kwa hewa tu, na wa inchi mbili huhitaji zaidi. Mbao za sokoni huwa zimekaa wiki kadhaa. Mnunuzi asiye na kipima unyevu anaweza kuinua ubao na kuulinganisha na mwingine wa saizi ile ile: mzito zaidi ndio wenye maji. Kama hakuna mkavu, ni heri kununua vipande vyembamba vya inchi 3 au 4 na kuviunganisha kwa gundi kuliko kuchukua ubao mmoja wa inchi 12 utakaojikunja kama kigae cha paa. Uso huo ufungwe kwenye fremu kwa skrubu zilizo katika matundu marefu kidogo, ili mbao zipate nafasi ya kutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi.

Vanishi ya kawaida ya makabati haitoshi. Ile ya kuchanganya kopo mbili, aina ya poliuretani, hustahimili waragi na maji vizuri zaidi. Ipakwe juu, chini na kwenye kingo zote, tabaka tatu au nne. Epoksi inayomwagwa kama kioo imekuwa fasheni katika kumbi za mijini. Inapendeza kwenye picha na haiingizi maji, lakini sufuria ya moto huilainisha, kreti huikwaruza na jua la dirishani huigeuza njano.

Jambo moja husahaulika Isingiro, wilaya iliyo katika ukanda wa wafugaji ambako mchwa ni wasumbufu: miguu ya kaunta isiguse udongo. Tofali moja la zege au kiatu cha chuma chini ya kila mguu ni kinga ya bei ndogo.

Stenlesi, vigae na vingine

Upande wa ndani wa kaunta, anapofanyia kazi muuzaji, hakuna kinachoshinda bati la stenlesi. Ni jepesi, kiasi cha kilo 9 na nusu kwa mita ya mraba likiwa na unene wa milimita 1.2, na likigongwa na chupa hubonyea tu. Likazwe juu ya plaiwudi, la sivyo linalia kama ngoma kila glasi inapotuliwa. Aina iliyozoeleka kwa vyakula ni 304, yenye asilimia 18 hivi ya kromiamu na 8 ya nikeli. Ya 201 ni ya bei nafuu na hushika madoa ya kutu mapema. Wauzaji hupenda kutumia sumaku kuthibitisha ubora, lakini sumaku haishiki 304 wala 201. Inafichua 430 peke yake. Karatasi ya kiwandani au muuzaji wa kuaminika ndiyo njia iliyobaki.

Vigae vinafaa mfuko mdogo, na vinatengenezwa ndani ya Afrika Mashariki: Twyford ina viwanda Kajiado nchini Kenya na Chalinze nchini Tanzania, Goodwill iko Mkuranga, Tanzania, na Kapeeka, Uganda. Udhaifu uko kwenye mistari ya grauti, inayokunywa bia na kugeuka nyeusi, na kwenye ukingo unaomeguka. Kigae kikubwa cha porseleni cha sentimita 60 kwa 60 kina mistari michache, na ukanda wa aluminiamu hulinda ukingo. Kasha moja la akiba libaki chini ya kitanda, kwa sababu rangi ile ile haitapatikana mwaka ujao.

Zege na terazo vinaweza kumwagwa na mafundi wa hapo hapo, lakini saruji na limau ni maadui kama ilivyo kwa marumaru, na zege la sentimita 5 lina uzito wa kilo 120 kwa mita ya mraba. Anayetaka kaunta ya mwaka mmoja tu ya kuanzia, marini bodi ya milimita 18, ile nyeusi ya kujengea, ni bora kuliko fomaika, mradi kingo zilizokatwa zipakwe rangi ya mafuta.

Mzigo ukivuka mpaka

Isingiro inapakana na Tanzania ng'ambo ya Mto Kagera, kwa kivuko cha Kikagati na Murongo, na kutoka Mbarara ni rahisi kufika Mutukula au Mirama Hills. Wengi huamini kwamba chochote kinachonunuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakitozwi ushuru. Si hivyo. Msamaha unafuata mahali bidhaa ilikotengenezwa. Kigae cha Chalinze chenye cheti cha uasilia kinaingia bila ushuru wa forodha. Granaiti ya China iliyonunuliwa Bukoba au Kigali inabaki kuwa ya China.

Mfanyabiashara mdogo ana utaratibu rahisi: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasilia na maofisa wa forodha mpakani. Cheti hicho hakifuti kodi za ndani kama VAT, ambayo Uganda ni asilimia 18, wala hakifuti vibali vya mazao ya misitu. Kwa bidhaa za nje ya Jumuiya, viwango vya ushuru wa pamoja ni 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa mia. Bidhaa iliyokamilika hukaa kwenye viwango vya juu, hivyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya kulipa malipo ya awali.

Mbao ndizo zenye hatari zaidi. Zinazotoka Tanzania zinahitaji hati za Wakala wa Huduma za Misitu. Zinazotoka Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, zinahitaji nyaraka za asili yake, na ndani ya Uganda mbao halali hugongwa alama ya nyundo ya mamlaka ya misitu. Lori likikamatwa bila alama, mzigo unakwenda na malipo ya awali yanakwenda nao. Kwa anayehitaji mbao nne tu, ni nafuu kununua kwa muuzaji wa Mbarara mwenye nyaraka na kudai risiti inayotaja aina ya mti.

Kaunta nyingi zinazodumu katika baa ndogo ni za mchanganyiko: mbao ngumu upande wa mteja, ambako viwiko vinatulia, na stenlesi upande wa muuzaji, ambako limau linakatwa na barafu inamwagwa. Zikitengenezwa kwa vipande vya mita 1.2 vilivyounganishwa kwa bolti, kimo cha sentimita 105 hadi 110, zinapita mlangoni na kupakiwa kwenye pikapu. Kabla fundi hajakata chochote, apime upana wa mlango, kisha apime friji na pale mlango wake utakapofungukia.